Kasoro ya Kiazi

Orodha ile bado ninayo kwenye simu. Nimefuta picha za harusi za watu, nimefuta sauti ndefu za kikundi cha walimu, hata mahubiri niliyotumiwa na mama mchungaji niliyafuta simu ilipojaa, Mungu anisamehe. Lakini orodha ile siigusi. Kichwa chake kinasema hivi: blogu zinazopendekezwa kwa wapenzi wa kahawa. Ziko saba. Alinitumia mwenzangu niliyesoma naye chuo cha ualimu, ambaye siku hizi anaishi Dar es Salaam na amejifunza kunywa kahawa kwenye vikombe vya karatasi. Chini yake aliandika: "Wewe si mtoto wa mkulima wa kahawa? Hii itakufaa."

Ni kweli mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa. Ila ujumbe ule uliponifikia nilikuwa kwenye ofisi ya walimu, shule ya msingi hapa Kibondo, mapumziko ya saa nne, nakunywa chai ya rangi na andazi. Kahawa nilikuwa sijainywa mara tano maisha yangu yote. Nyumbani kwetu Heru Juu, kule Kasulu, kahawa haikuwa kitu cha kunywa. Ilikuwa kitu cha kuchuma, kumenya, kuosha, kuanika, kukimbiza ndani mvua ikinyesha, kuanika tena, halafu kupeleka. Kunywa tulikunywa chai au uji, kama watu wengine.

Mama yangu bado yuko Heru Juu. Tunamwita mawe, ndivyo mama anavyoitwa kwetu, na mtu wa pwani akitusikia hudhani tunazungumzia mawe ya kujengea msingi. Kiswahili anakijua cha sokoni, cha kanisani na cha hospitali. Kwingine kote ni Kiha, kilichochanganyika na Kirundi cha baba. Baba alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, akapewa ardhi, miaka mingi baadaye akapewa na uraia, na ndiye aliyepanda mikahawa yetu kabla mimi sijazaliwa. Alikotoka, alituambia, kung'oa mkahawa lilikuwa kosa la kumfikisha mtu mbele ya serikali. Woga huo alivuka nao. Hata mkahawa uliokauka wenyewe aliuzunguka siku mbili tatu kabla ya kuugusa kwa panga, na akiukata alikuwa akitupia macho barabarani kuona kama kuna mtu anakuja. Sisi watoto tulimcheka sana kwa hilo.

Alipofariki, mikahawa ilibaki kwa mama, na mdogo wangu wa kiume ndiye aliyebaki na mgongo wa kuilima. Naomba msimchukie mdogo wangu. Ana watoto wanne, na amepalilia kahawa ile miaka mingi huku bei ikipanda na kushuka bila kumshirikisha. Krismasi ya mwaka juzi tulipokuwa tumekaa wote uani, alisema anataka kukata mikahawa yote apande parachichi za kisasa, zile wanazozitafuta watu wa nje. Mama alinyamaza. Ninamjua mama yangu, kunyamaza kwake ndiko kupiga kelele. Alishika pindo la kitenge chake akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Na mimi, kwa kiherehere changu cha ualimu, nikatoa simu.

Niliwaeleza kwamba duniani kuna watu wanaoipenda kahawa kiasi cha kukaa na kuiandikia kila wiki. Nikawaonyesha orodha. Nikasema pia kwamba nimesikia wanunuzi wa kahawa ya daraja la juu watakuja Kasulu msimu ujao kuonja kahawa ya mkulima mmoja mmoja, na kwamba mimi nitasoma kila kitu kinachohitajika ili ya mama ichaguliwe. Nilisema kwa sauti ile ya darasani. Mdogo wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, dada. Msimu mmoja. Kahawa ya mawe ikichaguliwa, miti inabaki, na nitaipalilia mwenyewe bila kunung'unika. Isipochaguliwa inakatwa, na mtu asilie."

Mama akasema, "Ego." Yaani ndiyo. Akampa mkono. Mama akishasema ego mbele ya watoto wake, hakuna wa kumrudisha nyuma, hata yeye mwenyewe.

Basi nikaanza kusoma. Kila nilipopata mwisho wa wiki mrefu nilipanda gari la Kasulu, nikafika Heru Juu kwa bodaboda, na alasiri tukakaa mimi na mama juu ya mkeka, yeye akipembua maharage, mimi nikisoma kwa macho Kiingereza nilichokipakua Kibondo na kukitoa kwa mdomo kikiwa Kiswahili au Kiha, kutegemea kipi kimekuja kwanza. Nilipomtafsiria kichwa cha orodha aliacha kupembua.

"Wapenzi wa kahawa?" aliuliza. "Wapenzi hawa hawa, wa mvulana na msichana?"

"Maana yake wanaipenda, mawe."

"Na sisi tunaoilima ni nani?"

Nikarudi kwenye simu kutafuta jibu. Alifikiri kidogo, kisha akacheka peke yake mpaka maharage yakamwagika. "Basi wao ni wapenzi na mimi ni mke wa ndoa," akasema. "Ninafua, ninapika, na sipelekwi popote." Siku nzima ile alikuwa akilirudia neno hilo na kucheka upya, na jirani alipopita akamwita aje asikie.

Ile blogu ya kwanza kwenye orodha ni ya bwana mmoja anayepima kahawa kwa mizani ndogo, kama ile ya sonara, na maji pia anayapima, na muda wa kumimina anaupima. Ameandika kurasa na kurasa juu ya kumimina maji. Mama alisikiliza kwa heshima, mwisho akauliza kama mtu huyo ana watoto. Ya pili ni ya mashine, nikairuka. Ya tatu ndiyo tuliyoipenda. Ni ya mama mmoja anayesafiri, anakunywa kahawa ya kila nchi na kueleza alichokipata mdomoni. Hii ina machungwa, hii ina chokoleti, hii ina ua la asumini, hii ina zabibu zilizokaushwa. "Na ladha ya kahawa nani kaipata?" mama aliuliza. Lakini nilimwona anavutiwa. Alianza kuokota punje moja moja kwenye mabaki ya msimu uliopita na kuinusa, akitafuta machungwa.

Tukaenda hivyo tangu Januari hadi Mei. Nitasema ukweli, ilikuwa furaha. Mama yangu ana miaka zaidi ya sabini, na sikuwahi kukaa naye muda mrefu hivyo tukiwa tunazungumza kitu kisichokuwa ugonjwa au msiba.

Mei, kahawa ikiwa imeanza kuiva, nilikuja na habari ya makala mpya ya yule msafiri, niliyokuwa sijaipakua. Safari hii alikuwa ameandika juu ya nchi zetu hizi, zinazozunguka maziwa makuu. Nilifurahi kana kwamba ametutaja kwa majina. Mtandao Heru Juu unapatikana ukisimama karibu na tanuru la matofali, kwa hiyo nilisoma nimesimama pale, mama kanishika mkono. Aliisifu milima. Akayasifu mashamba madogo ya kina mama. Halafu akaandika kwamba mtu yeyote anayeijua kahawa ya ukanda huu anakijua kile kiazi chake maarufu: unainua kikombe, na kabla hujanywa, kiazi mviringo kinakupiga puani. Hapo ukurasa ukaganda. Kikaja kile kiduara kinachozunguka, kikazunguka, kikazunguka. Kifurushi changu kilikuwa kimeisha.

"Amesema nini?" mama akauliza.

Nikamwambia. Wenzetu wana machungwa, wenzetu wana asumini, na sisi tuna kiazi. Maarufu.

Macho ya mama yakajaa furaha. Kiazi alikijua! Mwaka mmoja baba alipokuwa mgonjwa, mama alikaanga kahawa kidogo ya kupelekea mgeni, na alipoitwanga kwenye kinu nyumba nzima ilinuka kama mtu amemenya viazi vibichi. Aliona aibu, akaimwaga. "Kumbe nilimwaga mali," akasema.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la kazi yetu. Kahawa mbivu ikichumwa, kabla ya kumenywa inamwagwa kwenye ndoo ya maji. Nzuri inazama. Inayoelea tunaiita pepe, inakuwa nyepesi kwa sababu imetobolewa na kunguni wa kahawa, au haikujaa ndani. Baba alikuwa mkali sana kwenye ndoo ile. Alikuwa akizikomba pepe kwa bakuli mpaka maji yabaki meusi na matupu, na alfajiri alikuwa akienda kutikisa matawi ili kunguni waanguke. Pepe zilianikwa pembeni, na mwisho zikaenda kwa muuza kahawa wa mjini Kasulu, mzee mmoja mwenye birika na vikombe vidogo, ambaye huziunguza mpaka zinakuwa makaa na kuzitia tangawizi, na wateja wake hawaulizi.

Siku ile ile mama alichukua konzi ya kahawa nzuri na konzi ya pepe, zote kavu za msimu uliopita, akazikaanga mbalimbali kwenye chungu, akazitwanga. Tukanusa. Ya kwanza ilinuka kahawa tu. Ya pepe, kiazi. Hakukuwa na ubishi, kiazi kibichi kabisa, ile harufu inayobaki kwenye kisu.

Mama akaniangalia. "Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, "kama kiazi ndicho wanachokipenda, mbona tunakikomba na kukitupa?"

Ningeweza kusema tungoje nimalizie kusoma. Vocha ilikuwa inauzwa dukani, mwendo wa dakika kumi. Nilisema, "Changanya."

Mdogo wangu alitukuta tunarudisha pepe ndani ya ndoo. Akasimama na jembe begani. "Data alizitupa hizo," akasema. Data kwetu ni baba.

Nikamjibu, "Data hakuwa na intaneti."

Sijui kama kuna sentensi niliyowahi kuisema ninayotamani kuirudisha kama hiyo. Watoto wangu wa darasa la sita wakinijibu hivyo nawapigisha magoti.

Tangu siku ile hakuna pepe iliyokombwa. Mwisho wa Juni, shule zikiwa zimefungwa, kahawa ilikuwa imekauka vizuri, na mimi na mama tukaipeleka sampuli Kasulu. Wanunuzi walikuwa wamekodi ukumbi mmoja karibu na soko. Walipanga meza ndefu, na juu yake vikombe vitano vitano kwa kila mkulima. Sisi wenye kahawa tulikaa kwenye mabenchi ya ukutani. Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka na viatu vya kufunika, ambavyo huvivaa kwa ajili ya Mungu na serikali tu.

Mwonjaji alikuwa binti wa Moshi, mpole, wa umri wa kuweza kuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Aliwaamkia wazee wote shikamoo kabla ya kushika kijiko. Kisha akaanza, akivuta kila kijiko kwa kelele kama mtu anayekunywa uji wa moto, na kutema kwenye kopo. "Anatema?" mama akaninong'oneza, ila mnong'ono wake ulisikika ukumbi mzima.

Alipofika kwenye vikombe vyetu aliinama, akanusa cha kwanza, cha pili. Kwenye cha tatu akasimama. Akarudi kukinusa. Akainua kichwa kutafuta namba kwenye karatasi, na hapo mama, ambaye alikuwa amekaa kwenye ncha ya benchi tangu asubuhi, akashindwa kuvumilia. Akasimama.

"Ni yangu hiyo, mwana wanje," akasema. "Ina kiazi. Kiazi kingi."

Binti alishangaa. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Najua sana. Nimekitia mwenyewe."

Mzee mmoja aliyekaa jirani yangu aliinamisha uso akaangalia viatu vyake. Binti akamtazama mama, nadhani hakuwahi kuona mkulima wa namna hiyo, kisha akasema taratibu, "Asante sana, mama, kwa kusema ukweli. Wengine wanaficha." Akachukua sahani ndogo akakifunika kile kikombe. Akamwomba mwenzake afungue madirisha.

Mama akakaa na kunibana vidole. Alikuwa anacheka chini chini kwa furaha. Mimi nilikuwa nikiangalia madirisha yanavyofunguliwa, moja baada ya jingine. Harufu nzuri haifunguliwi madirisha.

Walipopumzika nilimfuata nje. Alinieleza bila kuniaibisha. Hicho kiazi ni kasoro, akasema, ndiyo kasoro inayoogopwa kuliko zote ukanda huu, kwa sababu punje moja tu ikiponyoka inaharibu kikombe kizima, na mnunuzi akikutana nayo mara moja harudi. Inakuja na zile zilizotobolewa na kunguni. Nikamweleza kila kitu: blogu, kifurushi, ndoo, mimi niliyesema changanya. Nikamwomba tulete sampuli nyingine. Nikasema kwamba miti itakatwa. Nilisema mpaka sauti ikaanza kunitoka vibaya, mtu mzima mimi, nimesimama kwenye vumbi la soko.

"Ninakuamini, Mwalimu," akasema. "Lakini mzigo wenu wa mwaka huu wote si umechanganywa?"

Wote ulikuwa umechanganywa.

Niliporudi ndani mama alikuwa anamsimulia yule mzee aliyeangalia viatu vyake jinsi mimi bintiye ninavyosoma Kiingereza. Tukapanda bodaboda kurudi Heru Juu, mama katikati, mimi nyuma, na njia nzima mama aliimba wimbo wa kwaya kwenye mgongo wa dereva. Nilitaka kumwambia pale kwenye kona ya kanisa. Nikasema nitamwambia tukishuka. Tuliposhuka nikasema nimwache anywe maji kwanza. Nilimdanganya kwa kunyamaza tangu Kasulu hadi mlangoni, na mlangoni mdogo wangu alipouliza imekuwaje, mama alijibu mwenyewe.

"Wameniambia asante," akasema. "Mimi peke yangu. Wengine hawakuambiwa."

Majibu yalikuja kesho yake mchana, kwenye simu ya mdogo wangu, kwa kuwa namba yake ndiyo tuliyoandikisha. Tulikuwa tunakula. Akafuta mikono akasoma kwa sauti: sampuli haikuchaguliwa, kasoro ya kiazi. Akaweka simu chini. Hakutabasamu, hilo nataka lijulikane.

Mama alimwangalia yeye, akaniangalia mimi. "Kasoro," akasema.

Nilielewa anachofikiri kabla hajakisema, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha saa. Kasoro mama analijua kwenye saa tu. Saa nne kasoro robo. Saa sita kasoro dakika tano. Kwake kasoro ni kwamba bado kidogo, kwamba umekaribia kufika ila hujafika.

"Kasoro ngapi?" akauliza.

Mdogo wangu aliichukua tena simu, akausoma ujumbe upya.

"Kwa hiyo kiazi hakikutosha," mama akasema. Akajipiga kiganja cha mkono pajani. "Ni kosa langu. Ndoo zile mbili za mwanzo, zile tulizochuma kabla hujasoma, nilishazikomba pepe. Ningejua, ningezirudisha zote. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu!"

Nimesimama mbele ya watoto miaka kumi na saba nikieleza sehemu, nikieleza desimali, nikieleza mambo ambayo mimi mwenyewe nilikuwa sijayaelewa vizuri jana yake. Siku ile nilikosa pa kuanzia. Mwisho nilimweleza kwa Kiha, na Kiha changu cha mambo mazito ni cha mtoto, kwa sababu niliondoka nyumbani mapema. Nilisema kiazi ni ugonjwa wa kahawa. Nilisema baba alikuwa anaujua, ndiyo maana alikuwa mkali kwenye ndoo. Nilisema yule mama wa blogu hakuwa anasifu.

"Lakini ulisoma," akasema.

"Sikumaliza, mawe. Kifurushi kiliisha."

"Kifurushi," akarudia, kama mtu aliyetajiwa jina la mtu asiyemjua.

Kisha akamalizia kula. Kila tonge. Sikuwahi kuona mtu anakula hivyo, bila kuangalia sahani wala mboga, kama anamaliza kazi aliyopewa.

Nilimfuata mdogo wangu nyuma ya zizi, nikamwomba msimu mmoja mwingine. Nikamwambia sasa nimeshajua, tutakomba pepe, nitasoma mpaka mwisho. Hakunikasirikia. Alikuwa ameshaagiza miche, na jasho la miaka ile yote lilikuwa lake, si langu. "Dada," akasema, "ukasome nini tena?" Nikarudi kwa mama, nikamwambia aseme yeye, akisema yeye mdogo wangu atangoja. Mama akajibu kwamba alishasema ego.

Nilikuwa likizo, kwa hiyo nilikuwepo walipokata. Walikuja na mapanga na shoka, mdogo wangu na majirani wawili, mapema kabla jua halijawa kali. Nilidhani mama atakaa ndani. Alitoka na kigoda chake, akakiweka ukingoni mwa shamba, akakaa akiwapa mgongo. Alikaa hivyo mpaka mti wa mwisho, ameelekea barabarani, na kila bodaboda iliyopita aliifuata kwa macho mpaka ikapotea. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna anayekuja, kwamba woga ule wa baba ulikuwa wa nchi nyingine na enzi nyingine, na hata huko sheria hiyo sijui kama bado ipo. Nikaenda nikakaa chini karibu naye, nikaangalia barabara pia.

Nilirudi Kibondo kufundisha. Nilipokuja tena ilikuwa Septemba, Jumamosi, miche ya parachichi imeshapandwa na kuwekewa vivuli vya nyasi. Mama alinipokea vizuri. Baada ya chakula akaleta chungu cha kukaangia, na kwenye kikapu kahawa ambayo aliificha, konzi tatu hivi, ya msimu ule ule uliochanganywa. Akakaanga, akatwanga, akachemsha kwenye sufuria ya chai, akamimina kwenye vikombe viwili vya bati. Nilikuwa sijawahi kumwona mama yangu ameshika kikombe cha kahawa yake mwenyewe. Tukaenda navyo karibu na tanuru la matofali.

"Nisomee ile," akasema. "Safari hii mpaka mwisho."

Kifurushi nilikuwa nacho, cha mwezi mzima. Nilifungua makala ya yule msafiri, nikasoma kuanzia milima, nikapita kina mama wenye mashamba madogo, nikafika kwenye kiazi. Ukurasa uliofuata ulifunguka haraka, bila shida yoyote. Ulieleza kunguni. Ulieleza ndoo ya maji, na kwamba wakulima hodari huzikomba zote zinazoelea, bila huruma.

"Kama data wenu," mama akasema.

"Kama data."

"Endelea."

Chini ya makala kulikuwa na maswali ya wasomaji. Nikamsomea na hayo. Mmoja, sijui wa nchi gani, aliuliza afanye nini akikutana na kiazi kwenye kikombe chake asubuhi, maana amelipia kahawa nzuri. Mwandishi alimjibu kwa mstari mmoja. Mwaga, alisema, usijisumbue, tengeneza kikombe kingine.

Mama aliuliza kama imeisha. Nikamwambia imeisha. Akainua kikombe chake, na kabla hakijafika mdomoni mimi mwenyewe nilikisikia kiazi, hapo hapo, kwenye upepo. Alikunywa taratibu mpaka akayaona machicha. Mimi changu kilikuwa bado kimejaa, nimekishika kwa mikono miwili, hakipandi. Mama akakitazama, akaninyooshea mkono, akakichukua, akakinywa na hicho.